Risasi Nyumbani kwa Mama

Mume wangu alipostaafu alinunua mashine ya kusaka vyuma ardhini, na tangu siku hiyo meza yangu ya kulia chakula haijawahi kuwa yangu tena. Ni kitu chepesi, mpini mrefu na sahani ya mviringo chini. Mwenye nacho hutembea akikipeleka kushoto na kulia, masikio ameyaziba kwa vipokea sauti, uso umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Alianzia Dunga. Wanawake wanaouza samaki pale ufukweni walimtazama asubuhi nzima, kisha mmoja akashindwa kuvumilia.

"Mzee, hiyo fagio yako mbona haishiki takataka?"

"Huu si ufagio, mama. Hii ni mashine ya kutambua madini."

"Basi itambue hapa kwa kibanda yangu. Nilipoteza kijiko."

Alikipata kijiko. Nilitumaini aibu ingemrudisha nyumbani, kumbe alirudi amevimba kichwa. Kuanzia hapo kila jioni alitandaza gazeti mezani, akamwaga mavuno yake, akaanza kuyasugua kwa mswaki ambao nilikataa kuuliza ulikuwa wa nani. Palikuwa na misumari ya mitumbwi, ndoana, vizibo vya soda na kufuli lisilo na ufunguo. Hivyo vilijitambulisha vyenyewe. Raha yake ilikuwa vile visivyojulikana, kwa sababu hapo ndipo alipopata nafasi ya kuhutubu. Kipande kimoja cha chuma kilichopinda alikipa siku tatu za heshima akisema kimetoka kwenye meli ya Mjerumani. Nilikichukua nikakisimamisha kando ya jiko letu la makaa, lile lililovunjika mguu, na kikalingana kabisa na miguu iliyobaki.

"Wajerumani nao walipika," akasema.

Huyo ndiye mume wangu. Ni mtu wa mjini Kisumu, babu yake alikuja kutoka pwani enzi za reli, na Kiswahili kwake ni maziwa ya mama. Mimi ni Mjaluo wa Nyakach. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekipata kwa kusahihishwa mezani miaka yote ya ndoa. Nikisema "kitu yangu" hanikemei, ananitazama tu kwa huruma, na mimi huona heri angenikemea.

Mama yangu naye alikuwa na shida ambayo haikutoshea mezani. Boma lake lilikuwa chini ya mji mdogo wa Katito, upande wa ziwa, mahali ambapo tangu utoto wetu maji yalikuwa yakija na kurudi kwa adabu. Kisha ikaja ile miaka ziwa lilipofura. Maji yaliingia shambani, yakaingia zizini, yakaingia jikoni, na siku yalipofika kwenye godoro kaka yangu mkubwa alikuja na lori akamhamishia mama nyumbani kwake mjini, mtaa wa Milimani. Maji yakakaa. Yalipoondoka yalikuwa yamekwenda na nyumba yote ya udongo, ua, migomba, choo, na msalaba wa mbao uliokuwa kwenye kaburi la baba. Yaliacha tope tupu, likakauka, likapasuka, likaota nyasi tusizozijua. Ukisimama pale ungedhani hapajawahi kuishi mtu.

Kaburi halikuwa limejengewa saruji. Kila mwaka tulisema tutalijengea Desemba.

Tulikwenda kulitafuta. Tulikuwa watoto wanne na tulionyesha mahali patano, kwa sababu dada yangu mdogo alibadili mawazo katikati. Kaka mkubwa, ambaye anaamini hakuna kisichopatikana kwenye simu, alitutolea picha ya eneo lile iliyopigwa kutoka angani. Ilikuwa imepigwa wakati wa mafuriko. Ilionyesha maji, na juu ya maji magugu-maji, na kaka yangu akaweka kidole juu ya gugu moja akasema ni hapo.

Mama alibaki barabarani, pale udongo ulipoinuliwa, akakataa kushuka. Mama huzungumza nasi Kijaluo, na alilosema siku ile sijalisahau. "Siwezi kutembea ndani ya boma langu bila kujua kama namkanyaga mume wangu."

Tukarudi mjini.

Milimani hawakumtesa. Kaka yangu ana kiwanja kikubwa, miti ya kivuli, geti la kujifungua lenyewe, na mke mwenye subira kuliko sisi wote. Lakini mama alisema hapo ni mahali ambapo mbwa ana nyumba na mtu hana jirani. Alipanda mboga kwenye bustani ya maua, wakaziacha. Alitaka kuku, wakamwambia majirani watalalamika, naye akauliza ni majirani gani hao. Kaka akajitolea kumnunulia kiwanja kidogo nje kidogo ya mji, amjengee nyumba yenye baraza. Mama alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwuliza, "Na huko nitazikwa kando ya nani?" Sote tulilielewa jambo lile lile. Kaburi lisipopatikana, mama harudi kwake. Na asiporudi kwake, basi tunaye mgeni wa kudumu, mzee anayefifia mbele ya macho yetu huku akinenepa kwa chai ya maziwa.

Ilikuwa Jumapili, tumealikwa chakula kwa kaka, mama aliposikia habari za mashine. Ni lazima nieleze jinsi tulivyoketi. Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu. Mume wangu si Mjaluo, lakini anaishika mila hii kuliko Wajaluo wenyewe, kwa kuwa inampa ruhusa ya kutobishana na mama yangu. Basi yeye alikuwa barazani na sahani yake, mama alikuwa sebuleni na yake, na mimi nilikuwa mlangoni nikila nimesimama. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana. Hilo halikuwaondolea haja ya mjumbe.

"Uliza mkwe," mama akasema kwa Kiswahili chake, "hiyo mashine yake inasikia mtu?"

"Mwambie mama haisikii mtu. Inasikia chuma."

"Uliza inasikia mpaka chini wapi."

"Kina cha kiganja. Viwili ikibahatika."

Mimi nikakumbuka jeneza. "Lakini jeneza la baba lilikuwa na vishikio vya shaba," nikasema. "Pengine vitasikika."

Kaka yangu akakohoa. Yeye ndiye aliyelinunua jeneza lile, na kwa miaka yote hakuna msiba tuliokwenda pamoja ambao hakutaja vile vishikio. Alikohoa tena, akanywa maji, akasema kwamba, kusema kweli, vilikuwa plastiki. Plastiki ya nguvu, akaongeza. Iliyopakwa rangi vizuri.

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza kutoka juu hadi chini. "Baba yako alijua," akasema. "Ndiyo maana siku ile alikuwa mzito kubebeka."

Tulicheka hadi mke wa kaka akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Kutoka barazani sauti ya mume wangu ikaja, na haikuwa ile sauti ya hotuba za mezani. "Mwambie mama tutajaribu. Kilicho chini sana hatutakisikia, lakini huenda kuna kitu kilichobaki juu."

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyokwisha. Tulimchukua mama asubuhi kwa gari la kaka, yeye mbele na kaka, mume wangu na mimi tukifuata na gari letu, maana hata gari moja lingewavunjia heshima. Tukifika, mama aliketi kando ya barabara chini ya mwavuli. Mume wangu alishuka bondeni na mashine yake. Kaka alikata nyasi. Mimi nilikuwa posta. Kila kilichochimbwa nilikibeba hadi barabarani, nikapokea hukumu, nikairudisha.

Mume wangu alikuwa akitafuta historia, mama alikuwa akitafuta vitu vyake, na mimi nilitafuta nafasi ya kuketi. Alipochimbua bamba la chuma lenye ncha alilishika juu kwa mikono miwili, akatangaza mkuki. Nilipanda nalo.

"Mwambie mkwe hiyo si mkuki. Hiyo ni jembe yangu ya kupalilia. Mpini ilivunjika nikifukuza ng'ombe ya watu."

Nilishuka na habari hiyo. Mume wangu alilitazama bamba tena, akasema jembe pia ni silaha kutegemea na mkono.

Kikaja kifuniko cha sufuria, bawaba ya mlango, sarafu iliyoliwa na kutu. Kikaja kijiko kikubwa cha kupakulia, ambacho kwa miaka mama alikuwa akimshtaki mke wa marehemu baba mdogo kwamba alikiiba, mbele ya watu, zaidi ya mara moja. Mama alikipindua, akakisugua kwa leso, akaiona alama aliyoitia mwenyewe kwenye mpini. Alikifunga katika leso akakitia mfukoni mwa sweta. "Usimwambie," akasema.

Na kilikuja kile kitu cha mviringo. Kilikuwa tufe la shaba nyeupe, kubwa kidogo kuliko limau, tupu ndani, na tundu moja upande wa chini. Mume wangu alilitikisa sikioni. Akasema ni kengele ya mifugo iliyopoteza ulimi. Kisha akasema hapana, ni kichwa cha fimbo ya mtawala. Nilipompelekea mama nilijua mara moja kwamba amelitambua, kwa sababu alifunika mdomo na mabega yakaanza kumtikisika. Nikauliza ni nini. Akakataa. Nikauliza tena.

"Mwambie mkwe airudishe chini."

"Mama, atataka kujua."

"Mwambie ni kitu ya wazee."

Ilibidi kaka aje alitazame ndipo aangue kicheko. Lilikuwa pambo la nguzo ya kitanda cha mama na baba. Siku ya mafuriko walikiburuta kitanda hadi barabarani, na bila shaka lilichomoka njiani. Nilishuka nalo nikamwambia mume wangu ni kitu cha wazee. Aliniuliza wazee gani, nikamwambia wazee wawili. Akaelewa, akaliweka chini haraka kana kwamba limemuunguza.

Hivyo tulicheka Jumamosi nyingi, lakini kaburi halikuonekana, na nilianza kuona mama akiangalia saa mapema zaidi. Kisha siku moja, upande wa mbali wa kiwanja, mashine ikalia sauti nyingine. Mume wangu alichimba akatoa kitu kidogo cha kijivu, kinene kama kiungo cha kidole, kizito kuliko umbo lake, chenye tundu lililojaa tope. Hatua moja mbele akatoa kingine. Kisha cha tatu. Alikikwaruza kwa kisu, kikang'aa, akakipitisha kiganjani, kikaacha mstari mweusi. Hapo uso wake ukachangamka. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze alikuwa amekitambua kitu mwenyewe, bila msaada wa barabarani.

"Ni risasi," akasema. "Risasi safi. Mpelekee mama."

Mimi niliyezaliwa pale ningeweza kuvijua. Lakini baba hakuwa mvuvi, alilima na kuimba kanisani, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa ni risasi, basi nikaona risasi tu. Nilivifunga kwenye jani, nikapanda, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kupanda niliita nikiwa bado chini.

"Mama! Amepata risasi!"

Kwetu, na nadhani kwa Wakenya wengi, risasi ni moja tu, nayo hutoka kwenye bunduki. Mwendesha boda boda aliyekuwa amesimama kumsalimu mama hakungoja kuona. Alipiga pikipiki teke akaenda zake, na kabla jua halijafika utosini Katito yote ilikuwa inajua kwamba kwa marehemu fulani kumefukuliwa ghala la silaha. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine na viti. Akaja naibu wa chifu, viatu vimepigwa rangi, akasimama mbali na lile jani.

"Mzee, nimeambiwa umepata risasi."

"Naam, bwana. Risasi safi kabisa."

Watu walirudi nyuma.

"Ya bunduki gani?"

"Si ya bunduki. Hii ni risasi yenyewe, madini, ile laini. Ndiyo wanayotengenezea risasi."

"Kwa hivyo hapa watu walikuwa wanatengeneza risasi?"

Kaka yangu alifunika uso kwa mikono. Mume wangu, mtu aliyenisahihisha tangu siku ya posa, alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza Kiswahili kilimkimbia. Kwa pwani yao kuna neno jingine la kipande kizito cha namna hii, chubwi, na baadaye aliapa kwamba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lisingesaidia kitu. Hakuna mtu Nyakach aliyewahi kulisikia. Naibu wa chifu alisema tusichimbe tena mpaka aulize wakubwa wake.

Lakini ni mama aliyesimamisha kazi. Nilipomsogezea lile jani alilisukuma bila kulitazama. Alisimama, na kwa kuwa hasira ilikuwa kubwa hakungoja niupeleke ujumbe, akapaza sauti akiwa ameugeukia upande wa Kisii ili asimtazame mkwe.

"Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Hata panya ilimshinda kuua. Mwambie mkwe azime hiyo mashine. Amechimbua mume wangu akampatia kesi."

Tulirudi mjini kimya, magari mawili yenye watu walionuna. Usiku ule mume wangu aliketi mbele ya meza tupu. "Mimi nilisema risasi," aliniambia. "Sikusema risasi." Nilicheka, nikaona hacheki, nikanyamaza. Mashine aliiweka nyuma ya mlango, na hata Dunga hakwenda tena. Nilimkasirikia mama kwa kutotaka kutazama, nikamkasirikia yeye kwa kujua maneno mengi kuliko yanavyohitajika, na Kiswahili chenyewe nikakikasirikia, lugha yenye maneno ya kila namna ya nazi iliyoshindwa kutenganisha vitu viwili vyenye hatari kama hivi.

Nilipokwenda Milimani kumjulia hali nilimkuta mama kitandani mchana. Mama hakuwa mtu wa kitanda mchana. Kaka alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, na hakuwa na furaha ingawa alikuwa ameshinda, kwamba mama amekubali. Amemwambia ajenge ile nyumba yenye baraza, popote anapotaka, yeye hana la kuchagua. Niliingia chumbani nikaketi kando yake. Nilihisi machozi yanakuja, nikafungua mkoba kutafuta leso, na nilipoivuta leso kilitoka nayo kimoja cha vile vitu nilivyokuwa nimevitia humo siku ile, kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kwenye ndala zake.

Mama aliinama akakiokota kama anavyookota kila kinachoanguka. Alikipima mkononi. Akachukua pini ya nywele akachokoa tundu, tope likatoka, akaweka jicho.

"Hii mmetoa wapi?"

"Ndiyo ile risasi, mama."

"Hii?" Aliketi wima. "Hii ndiyo risasi ya mume wako? Hii ni ile inayofungwa chini ya wavu uzame!"

Alikuwa akitazama ukutani, na midomo ilikuwa ikisogea bila sauti. Nilifikiri anaomba.

"Kuku," akasema.

Nikamwuliza kuku gani, naye akanieleza. Tulipomzika baba na watu wakatawanyika, kuku wa jirani walikuwa wakija kila asubuhi kuchakura ule udongo mpya. Alifukuza akachoka. Basi akaomba kwa wavuvi wavu mkuukuu ambao hawakuuhitaji, akautandaza juu ya kaburi lote, kamba yake yenye risasi akaizungusha kandokando, akaushindilia mawe na udongo pembeni. Kuku wakashindwa. Nyasi zikaota ndani ya wavu, wavu ukazama chini ya nyasi, naye akausahau. Kuhusu siku zile alikuwa akikumbuka mambo makubwa tu, akasema, nyimbo, na nani alikuja na nani hakuja. Nani anakumbuka kufukuza kuku?

Aliteremka kitandani akaanza kutafuta sweta.

Jumamosi iliyofuata naibu wa chifu alikuwa wa kwanza kufika. Kaka alimwonyesha kitu chenyewe na kumweleza kazi yake. Naibu akakishika kwa vidole viwili na kusema tangu mwanzo alijua, ila alitaka kuona kama sisi tunajua. Mume wangu alivaa vipokea sauti, akashuka hadi mahali pale pa mbali ambapo hakuna hata mmoja wetu wanne aliyewahi kupaonyesha, akaanza kwenda polepole. Kila mashine ilipolia hakuchimba. Nilimpa kijiti cha mafunjo, akakichomeka. Ikalia tena, akachomeka kingine. Upande mmoja mstari ulikuwa umepinda, maji yaliuvuta wavu kabla ya kuufukia. Pande nyingine zilinyooka. Baadaye alizima mashine, akarudi nyuma nilikokuwa nimesimama, na tukaona kwa pamoja vijiti vimesimama kwa urefu wa mtu na ziada kidogo. Alivua kofia.

"Mwite mama," akasema, na akageuka kutazama upande wa ziwa ili asimtazame.

Mama aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo. Akashuka kutoka barabarani nyuma yangu, akikanyaga pale tu nilipokanyaga, mkono wake umeshika mgongo wa blauzi yangu kama kipofu. Tulipofika aliniachia. Alizunguka vijiti taratibu hadi upande wa kichwa, akasimama hapo muda mrefu. Alimwambia baba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amewachosha watu, na kwamba vishikio vilikuwa plastiki. Kaka yangu alikuwa analia waziwazi. Nami nililia, sina haja ya kuficha.

Kisha mama alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Mama aligeuka akalipa kaburi ubavu, akaunyoosha mkono mmoja, akaangalia barabara iko wapi, akasogea hatua, akasogea nyingine. "Mlango," akasema. Akaingia. Nasema akaingia kwa sababu aliinua mguu kuvuka kizingiti. Alipita sebuleni akikwepa meza, akatokea nyuma, akasema hapa jiko, hapa mtungi, pale zizi, na alikuwa sasa anatembea kwa nguvu, bila kumfuata mtu, akikanyaga popote, mwanamke huyu ambaye kwa miaka hakuwa amethubutu kuweka unyayo hapa. Nyasi zilimfika magotini naye hakuziona. Alirudi kutoka zizini kwa mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi, kisha akasimama ghafla na kugeuza uso.

"Mwambie mkwe atoke," alisema kwa ukali. "Amesimama chumbani kwangu."

Mume wangu aliruka. Aliruka kweli, mtu wa umri wake, mashine mkononi na kofia imebanwa kifuani, akatua kwenye nyasi nyingine zilizofanana kabisa na zile za kwanza. Alininong'oneza bila kuinua macho, "Nimetoka?"

Nikamwuliza mama. Aliangalia chini kwa makini, pale ukuta ulipokuwa.

"Bado," akasema. "Mguu moja iko ndani."

Akauondoa.